Msongo wa Mawazo: Kwa Nini Kuvumilia Pekee Hakutoshi

Mtu anapoingia katika chumba cha daktari na kusema, "Nina mawazo," hakuna anayedhani kwamba amekuja na hoja za kuchangia kikaoni. Neno hilo, likitamkwa kwa sauti ya chini na mkono ukiwa kichwani au kifuani, hubeba maana ya mzigo: ada ya mtoto, mgonjwa aliyelala nyumbani, ndoa iliyoyumba, deni. Mara nyingi hufuatana na malalamiko ya mwili. Kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, shingo imekaza, usingizi hauji. Lugha yetu imekwisha kulitambua jambo ambalo utabibu ulichelewa kulikubali, kwamba mwili husikia yale ambayo fikra zinayabeba.

Makala haya yanaeleza kinachotokea mwilini mtu anapokuwa na msongo wa mawazo, na kwa nini baadhi ya njia za kukabiliana nao hufaulu ilhali nyingine huuzidisha. Tutatumia mfano mmoja unaofahamika kwa wengi nchini Tanzania, nao ni wa mikopo iliyopewa na wananchi wenyewe jina la "kausha damu". Tumeuchagua kwa sababu ndani yake sehemu zote za msongo zinaonekana kwa urahisi, na pia kwa sababu ni shida ambayo watu wengi huificha.

Kengele iliyokusudiwa kulia kwa muda mfupi

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Alionyesha kwamba mnyama akikabiliwa na hatari mwili wake hujiandaa kwa mambo mawili tu, kupigana au kukimbia. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo, ziitwazo adrenali, humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huongeza mapigo, pumzi huwa za haraka, ini huachia sukari, na damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi ili ipelekwe kwenye misuli mikubwa. Shughuli ya kusaga chakula huahirishwa. Ndiyo maana mtu aliyeogopa hukaukiwa na mate mdomoni na hana hamu ya kula.

Dakika chache baadaye hufuata homoni ya pili, kortisoli, ambayo hutolewa kwa amri inayotoka katika ubongo kupitia tezi ya pituitari. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba sukari inaendelea kupatikana, na kupunguza kwa muda baadhi ya shughuli za kinga ya mwili. Homoni hii ina tabia moja ambayo msomaji anapaswa kuizingatia: ikiwa nyingi katika damu, huurudia ubongo na kuuarifu usiagize nyingine. Mwili, kwa maneno mengine, umeumbwa na kengele ambayo hujizima yenyewe, mradi hatari iwe imepita.

Mtafiti Robert Sapolsky, ambaye kwa miaka mingi aliwachunguza nyani wa eneo la Maasai Mara nchini Kenya, aliandika kitabu maarufu kinachouliza kwa nini punda milia hawapati vidonda vya tumbo. Punda milia akimkimbia simba, mambo mawili hutokea: ama analiwa, ama anaokoka na baada ya muda mfupi anarudi kula majani. Hakai usiku kucha akiwaza simba wa kesho. Nyani wana hali tofauti. Wana muda mwingi wa ziada, na huutumia kusumbuana. Sapolsky aliona kwamba wale wa ngazi ya chini, wanaonyanyaswa bila kujua lini watashambuliwa, walikuwa na kiwango cha juu cha kortisoli hata siku ambazo hakuna ugomvi. Waliokuwa na wenzao wa kuchambuana manyoya walikuwa na nafuu. Na utawala wa kundi ulipoyumba, hata wakubwa waliokuwa wakigombea ngazi walionekana kuwa na homoni nyingi. Ni vigumu kusoma taarifa hizo bila kukumbuka ofisi fulani.

Kengele ikilia kwa miezi, viungo vinavyohudumiwa na homoni hizo huanza kuumia. Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa somo la kitabibu. Mwaka 1936 alieleza kwamba panya waliopewa madhara ya aina mbalimbali, kama baridi, majeraha au sumu, wote walionyesha mabadiliko yaleyale: tezi za adrenali zilivimba, tezi za kinga zilisinyaa, na matumbo yakapata vidonda. Alizitaja hatua tatu, yaani tahadhari, ukinzani na uchovu. Hatua ya pili ndiyo inayodanganya, kwa kuwa mtu huonekana yu mzima, anafanya kazi na anacheka na watu, huku akiba yake ikitumika kimyakimya.

Ushahidi kwa wanadamu upo pia. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, walilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu na wenzao 13 wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitolewa kipande kidogo cha ngozi mkononi, kisha kidonda kikafuatiliwa hadi kipone. Kwa wasio na mzigo, kidonda kilipona kwa wastani wa siku 39 hivi. Kwa wauguzaji zilihitajika takriban siku 49. Anayeuguza mzazi nyumbani, au anayelala nje ya wodi wiki baada ya wiki, anabeba gharama ambayo haionekani katika hesabu za familia.

Deni linavyokaa mwilini

Tumchukulie mama lishe mmoja, wa kubuni, ambaye amekopa shilingi 300,000 na anatakiwa kurejesha 42,000 kila wiki kwa wiki 10. Biashara yake humpatia faida ya shilingi 8,000 kwa siku. Akifanya kazi siku sita anapata 48,000. Mtoto akiugua na akakosa siku moja tu, anabaki na 40,000, na hapo bado yeye mwenyewe hajala wala hajaweka kando kodi ya chumba. Kwa hiyo kila wiki inaanza akiwa tayari ameshindwa katika hesabu.

Jambo linalomwumiza ni nini hasa? Wengi watajibu kwamba ni ukosefu wa fedha. Jibu hilo ni sahihi lakini halijakamilika. Katika miaka ya 1960 na 1970 mtafiti Jay Weiss aliwapa panya wawili mshtuko wa umeme wa nguvu sawa na kwa wakati mmoja. Mmoja alisikia mlio wa kumwonya kabla ya mshtuko, mwingine alisikia mlio usiohusiana na mshtuko wowote. Yule aliyeonywa alipata vidonda vichache zaidi, kwa sababu mlio uliponyamaza alijua kwamba kwa sasa yu salama. Panya waliokuwa na kitu cha kugusa ili kuukatisha mshtuko nao walikuwa na nafuu kuliko wasioweza kufanya lolote. Maumivu yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni kujua na kuweza.

Mama lishe wetu anaijua siku ya marejesho, lakini hajui kama fedha zitatosha, hajui kama afisa mikopo atakuja na wenzake kuchukua friji, wala hajui majirani watasema nini. Simu ikilia, moyo hupiga kabla hajaangalia ni nani. Hakuna saa ambayo mwili wake unapata taarifa kwamba hatari imekwisha. Hata Jumapili, siku isiyo na marejesho, kengele inaendelea kulia.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walieleza kwamba mtu hufanya tathmini mbili anapokutana na tatizo. Kwanza hujiuliza: jambo hili linanitisha? Kisha hujiuliza: nina nini cha kulikabili? Msongo huzaliwa pale jibu la swali la kwanza linapokuwa zito kuliko jibu la pili. Ndiyo maana watu wawili wenye deni la kiasi kilekile hawaumii sawa. Mwenye kaka anayeweza kumwambia, au mwenye akiba ndogo katika kikoba, ana jibu la swali la pili. Hana moyo mgumu kuliko mwenzake, ana mahali pa kushika.

Vidonda vya tumbo na presha

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa kuwa yapo mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na mkanganyiko huo una madhara.

La kwanza ni vidonda vya tumbo. Kwa miongo mingi madaktari wenyewe walifundisha kwamba huletwa na mawazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria anayeishi tumboni, na Marshall alikunywa kimiminika chenye bakteria hao ili kuthibitisha kwamba wanasababisha uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo hutokana na bakteria huyo au na matumizi ya dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, na wagonjwa mahututi huweza kupata vidonda kutokana na hali yao, lakini mtu anayeambiwa "punguza mawazo tu" bila kupimwa ananyimwa tiba ya antibiotiki ambayo ingemponya.

La pili ni presha. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema, "Amenipandisha presha," tukimaanisha ametukasirisha. Ni kweli kwamba hasira na hofu hupandisha shinikizo la damu kwa muda. Ila ugonjwa wa shinikizo la juu la damu una vyanzo vingi, kama umri, urithi, uzito, chumvi, pombe na maradhi ya figo, na kwa kawaida hauna dalili yoyote. Hatari iko kwa mgonjwa anayeamini kwamba presha yake ni hasira. Siku akijisikia mtulivu huacha vidonge. Dawa za presha haziachwi kwa kigezo cha utulivu wa moyo, bali kwa kipimo na ushauri wa daktari. Mwenye kisukari naye afahamu kwamba kortisoli hupandisha sukari, hivyo kipindi cha msongo ni kipindi cha kupima mara nyingi zaidi.

Kukabiliana: njia na mahali pake

Lazarus na Folkman waligawa njia za kukabiliana na msongo katika makundi mawili. Kundi la kwanza hulielekea tatizo lenyewe: kutafuta taarifa, kupanga, kujadiliana, kuomba msaada. Kundi la pili huelekea hisia zinazoletwa na tatizo: kulia, kusali, kuzungumza, kupumzika, kutafuta maana. Si kweli kwamba kundi moja ni bora daima. Linalofaa hutegemea kama jambo lenyewe linaweza kubadilishwa.

Tazama msiba. Aliyefariki hawezi kurudishwa, kwa hiyo jamii zetu, bila kusoma kitabu chochote, zimejenga utaratibu mzima wa kuzihudumia hisia. Mikeka hutandikwa, watu hukaa na mfiwa, wengine hupika, daftari la rambirambi hupita, na kwa siku kadhaa hakuna anayemwacha peke yake. Baada ya hapo huja siku ya kuanua matanga, ambayo humwambia mfiwa, na mwili wake pia, kwamba kipindi fulani kimekwisha. Ni vigumu kubuni tiba bora zaidi.

Lakini hakuna anayetandikiwa mkeka kwa sababu ya deni. Deni, kama ugumba, kama kupigwa na mume, kama mtoto aliyeingia katika dawa za kulevya, lina aibu ndani yake, na aibu humtenga mtu na wale ambao wangemsaidia. Kwa hiyo shida ambazo zinaweza kubadilishwa kwa mazungumzo ndizo tunazozibeba kimya, na huo ukimya tunausifu kwa kuuita uvumilivu. Kuvumilia lisilobadilika ni hekima. Kuvumilia linaloweza kubadilika, huku mwili ukilipa riba ya pili juu ya ile ya mkopeshaji, ni jambo lingine.

Zipo pia njia ambazo hutuliza leo na kudai kesho. Kukopa kwingine ili kulipa mkopo wa kwanza ndiyo iliyo maarufu. Kubeti kunafanana nayo, kwa kuwa humpa mtu tumaini la saa mbili. Pombe humlaza mtu upesi, kisha huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, hivyo akaamka saa tisa na mawazo yaleyale na kichwa kizito. Kubadili njia ili kukwepa mkopeshaji huleta nafuu ya papo hapo, lakini huufundisha ubongo kwamba hatari ni kubwa kiasi cha kukimbiwa, na hofu hukua.

Dini ni nguzo kwa wengi, nasi hatuna sababu ya kuipuuza. Tafiti za mwanasaikolojia Kenneth Pargament zimeonyesha tofauti muhimu: anayeiona imani kama mahali pa kuegemea hufarijika, ila anayeamini kwamba shida yake ni adhabu, kwamba Mungu amemwacha, huzidi kudhoofika. Viongozi wa dini wanaowapokea watu wenye shida wangefanya wema kuipima sentensi yao ya kwanza.

Bibi na benchi

Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alitaka kuanzisha huduma katika kitongoji cha Mbare, Harare. Hakupewa wauguzi, kwa kuwa hawakutosha, wala chumba, kwa kuwa hakikuwepo. Alipewa bibi 14, wahudumu wa afya ya jamii, na nafasi ya nje. Ndipo likawekwa benchi chini ya mti. Washona huyaita maradhi haya kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno lililo jirani kabisa na "mawazo" yetu.

Kazi ya bibi si kutoa nasaha. Humsikiliza mgeni hadi matatizo yake yote yawe yametajwa, hatua inayoitwa kuzifungua fikra. Kisha humwomba achague moja tu, lile ambalo angependa kulianza. Wanataja pamoja njia zinazowezekana, mgeni anachagua hatua moja ndogo anayoweza kuitenda wiki hiyo, anakwenda kuijaribu, na anarudi kueleza ilivyokuwa. Jaribio la kitabibu lililohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokaa kwenye benchi, ikilinganishwa na asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka ya Zimbabwe na kufika Malawi na Zanzibar.

Tumrudie mama lishe. Akitaja yote, orodha yake ni deni, mtoto mwenye homa, kodi, na mume asiyejua kwamba kuna mkopo. Anaweza kuchagua la mwisho. Hatua ya wiki hii: kumwambia dada yake kwanza, kisha waende wote kwa mume. Wiki ijayo: kuomba nakala ya mkataba na kuuliza kama mkopeshaji ana leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji hawa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Baadaye: kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Deni halijapungua hata shilingi moja, ila swali la pili la Lazarus limeanza kupata jibu.

Wakati hatua hizo zikiendelea, mwili nao unahitaji kutulizwa. Kupumua polepole, pumzi takriban sita kwa dakika, huku utoaji wa hewa ukiwa mrefu kuliko uvutaji, hupunguza mapigo ya moyo kupitia neva inayotoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kutembea kwa nusu saa hufanya kazi ambayo adrenalini iliandaliwa kuifanya. Kuamka saa ileile kila siku husaidia usingizi kuliko kulala mapema kwa kulazimisha. Anayeshindwa kuzungumza aandike, kisha karatasi aichane akitaka.

Lini kumwona mtaalamu

Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, chakula au nguvu za mwili, huenda si msongo tena bali ni sonona, na sonona ina tiba. Huduma hutolewa katika hospitali za wilaya na za mikoa. Hofu ya kwamba ukitaja afya ya akili utapelekwa Mirembe imewachelewesha wengi, ilhali wagonjwa walio wengi hutibiwa wakirudi nyumbani siku hiyohiyo. Mweleze mhudumu dalili za mwili, kisha mweleze na kinachokusumbua, kwa kuwa asipojua la pili ataandika dawa ya la kwanza tu.

Mtu akisema kwamba ni afadhali afe, au kwamba watoto wake wangekuwa na nafuu bila yeye, usimkemee wala usimwambie anajitafutia huruma. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humpa nafasi ya kulisema. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za kilimo, sumu ya panya na vidonge, na mfuatane naye hadi hospitali siku hiyohiyo, hata kama njiani atasema amekwisha pata nafuu.